Jua halitalipuka: ukweli kuhusu ile picha ya "jicho" la angani

Swali nililopokea: "Shikamoo mwalimu. Kuna picha inazunguka kwenye simu, duara kubwa kama jicho, katikati bluu pembeni nyekundu. Chini wameandika ni nyota iliyolipuka na sayari zinazaliwa humo ndani ndo maana inaitwa nebula ya sayari, na kwamba ndo mwisho wa Jua letu. Ni kweli Jua litalipuka? Na baada ya hapo kunabaki nini?"

Marahaba mwanangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujaisambaza. Picha naijua, hiyo ni nebula ya Helix, yaani wingu la gesi angani, iko upande wa kundinyota la Ndoo, umbali wa kama miakanuru 650 kutoka hapa tulipo (mwakanuru mmoja ni umbali ambao mwanga unausafiri kwa mwaka), na picha yenyewe ni ya kweli kabisa. Maandishi ya chini ndo yana shida. Katika mambo matatu waliyoandika lililo sawa ni moja tu, kwamba Jua nalo lina safari ya kwenda huko. Mlipuko hamna pale, wala sayari inayozaliwa hamna. Ile ilikuwa nyota ya jamii ya Jua, ikazeeka, ikavua tabaka zake za nje kidogo kidogo, halafu kiini kilichobaki uchi ndo kikaziwasha. Naomba ushike mpangilio huo, kwanza kuvua halafu kuwasha, kwa sababu ni matukio mawili, nyota inayafanya ikiwa katika hali mbili tofauti kabisa, na mtu akiyachanganya ndo anaona mlipuko.

Jina kwanza. Hilo limepotosha watu zaidi ya miaka 200 sasa. Miaka ya 1780 William Herschel, yule aliyeigundua sayari ya Uranus mwaka 1781, alikuwa anapekua anga usiku baada ya usiku na darubini alizojitengenezea mwenyewe, akawa anakutana na vitu vidogo vya mviringo, vimefifia, vina ukijani fulani. Nyota kwenye darubini inabaki nukta hata uikuze vipi lakini hivi vilikuwa na upana, kama Uranus yenyewe ilivyokuwa inaonekana, basi akaviita nebula za sayari. Hata kabla yake, mwaka 1779, Mfaransa Antoine Darquier aliitazama ile tunayoiita leo nebula ya Pete akasema inafanana na sayari inayofifia, ukubwa kama Mshtarii. Ni sura tu iliyoleta jina, jina likaganda, na mpaka leo tunalitumia japo kila mtu kwenye fani anajua sayari hazihusiki.

Tuje kwenye Jua. Sa hivi katikati yake kuna joto la nyuzi kama milioni 15, na kila sekunde tani kama milioni 600 za haidrojeni zinageuka heliamu, na katika kugeuka huko tani kama milioni 4 zinatoka zikiwa nishati, ndo huu mwanga tunaouona. Kazi hiyo limeifanya miaka bilioni 4.6 na bado lina kama bilioni 5 mbele yake. Watu wengi wanadhani litakaa hivihivi mpaka siku ya mwisho kisha lizimike ghafla, hapana, linaongeza mwanga polepole, kama asilimia 10 kila miaka bilioni, na hesabu zinaonyesha baada ya bilioni moja hivi kutoka leo Dunia itakuwa na joto la kukausha bahari. Yaani shida ya Dunia inakuja mapema sana kuliko hiyo nebula.

Haidrojeni ya katikati ikiisha kiini kinabaki heliamu tupu, hakina moto wa kukitegemeza, uvutano unakibana kinasinyaa, na kikisinyaa kinapata joto zaidi, basi haidrojeni iliyo kwenye ganda linalokizunguka inaanza kuungua kwa kasi kuliko hata ujanani. Ndani panasinyaa, nje panavimba. Jua litavimba mpaka upana wa zaidi ya mara 200 ya ulivyo leo, uso wake utapoa kutoka nyuzi 5,500 hadi kama 3,000 na rangi itageuka, hiyo hatua tunaiita jitu jekundu. Utaridi na Zuhura zitamezwa. Dunia bado inabishaniwa, maana Jua likipoteza uzito kamba ya uvutano inalegea na Dunia inasogea nje kidogo, ila hata ikipona itakuwa mwamba uliochomwa.

Kiini kikifika nyuzi milioni 100 heliamu nayo inashika, viini vitatu vya atomu za heliamu vinaungana kuwa kaboni, na kaboni ikipata heliamu moja zaidi inakuwa oksijeni. Nyota inatulia hapo kwa miaka kama milioni 100 halafu heliamu ya katikati nayo inakwisha, mambo yanajirudia, kiini kinasinyaa na nje panavimba tena. Na hapo ndo mwisho wa upishi. Nyota yenye uzito wa Jua haina ubavu wa kuibana kaboni mpaka iwake. Zile ambazo kiini chao huporomoka zikawa supanova, yaani zikalipuka, huwa zimezaliwa na uzito wa kama mara 8 ya Jua na kwenda juu. Kwa hiyo swali lako la kwanza jibu lake ni hapana, Jua halitalipuka, uzito huo halina na halitaupata.

Sasa nyota inavuaje? Hapa naomba twende taratibu maana ndo penye utamu. Leo ukitaka kurusha kitu kutoka kwenye uso wa Jua kisirudi tena unahitaji mwendo wa kama kilomita 617 kwa sekunde. Chukua Jua hilohilo ulivimbishe mara 200, uso unakuwa umeenda mbali sana na katikati, na mwendo unaohitajika kutoroka unashuka mpaka kama kilomita 40 tu kwa sekunde. Yaani nyota bado ina uzito wake lakini mkono wake haufiki tena kule nje kwa nguvu. Juu ya hilo nyota ya umri huu inapumua, inatanuka na kusinyaa kwa mizunguko ya miezi mingi, kila ikitanuka inapandisha gesi juu mahali penye ubaridi, gesi inaganda kuwa chembe za vumbi, nyingine kama masizi nyingine kama mchanga mwembamba kupita kiasi, halafu mwanga wa nyota unalisukuma vumbi jinsi upepo unavyosukuma tanga, vumbi linaikokota gesi, na safari imeanza hairudi. Mwishoni nyota inaweza kupoteza gesi kwa kasi ambayo kama ingeendelea hivyohivyo ingemaliza uzito wa Jua zima ndani ya miaka laki moja, wakati upepo wa Jua la leo ungehitaji matrilioni ya miaka kufanya kazi hiyo.

Na hatua hiyo huhitaji kusubiri miaka bilioni 5 kuiona. Iko nyota inaitwa Mira, kwenye kundinyota la Ketusi, David Fabricius aliiandika kwa mara ya kwanza mwaka 1596. Inang'aa na kufifia kwa mzunguko wa siku kama 332, kuna majuma unaiona kwa macho matupu kama nyota yoyote halafu inazama miezi kadhaa mpaka uitafute kwa darubini. Mwaka 2007 darubini ya angani iitwayo GALEX ilikuta nyuma yake kuna mkia wa gesi wenye urefu wa miakanuru 13, ni gesi ambayo Mira imekuwa ikiiacha njiani kwa maelfu ya miaka. Mimi kila nikiifuatilia nyota hiyo ikishuka na kupanda nakumbuka kwamba uzito wake haupishani sana na wa Jua.

Gesi hiyo iliyovuliwa haing'ai yenyewe. Ni baridi, ni nyembamba, inatanda tu gizani. Hili ndo jambo wanaosema mlipuko hawalijui, kwamba wingu lilishatoka zamani kabla ya taa kuwashwa.

Taa ni kiini. Tabaka za juu zinavyozidi kupungua ndivyo sehemu za ndani zenye moto zinavyojitokeza, joto la uso linapanda kutoka nyuzi elfu tatu hadi elfu 30, likaenda mpaka laki moja na zaidi. Kitu chenye moto wa namna hiyo kinatema mionzi ya urujuanimno kwa wingi, mionzi inaifikia gesi iliyotangulia, inang'oa elektroni kwenye atomu, na gesi yote inaanza kung'aa kama iliyo ndani ya taa ya neoni, tofauti ni kwamba hapa kazi ya umeme inafanywa na mionzi ya kiini. Kiini hichohicho kinapuliza pia upepo mwembamba wenye kasi kubwa sana ambao unaipiga kwa nyuma ile gesi ya polepole na kuikusanya kuwa ganda, ndo ule ukingo mkali unaouona kwenye picha, maelezo hayo yalitolewa mwaka 1978 na Sun Kwok na wenzake na yamesaidia kueleza mengi.

Kuhusu kasi hebu piga hesabu mwenyewe. Gesi ya nebula hizi inatanuka kwa kilomita kama 20 hadi 30 kwa sekunde. Ya supanova inaondoka kwa kilomita elfu kumi hivi kwa sekunde, mamia ya mara zaidi. Kilomita 20 kwa sekunde ukizizidisha kwa miaka elfu kumi unapata kama theluthi mbili za mwakanuru, na huo ndo ukubwa wa kawaida wa nebula hizi kutoka katikati mpaka ukingoni. Zinaishi hivyo miaka elfu kumi, elfu ishirini, halafu gesi inatawanyika mno na taa inafifia. Ukiyakunja maisha yote ya Jua yakae ndani ya miaka 80 ya binadamu, nebula yake itaonekana kwa saa moja, sana sana saa moja na nusu. Ndo maana kwenye galaksi yetu yenye nyota zaidi ya bilioni mia moja nebula za namna hii tunazozijua ni kama elfu tatu na kitu tu.

Kuna kisa kimoja cha ule ukijani siwezi kukiacha. Tarehe 29 Agosti 1864 Mwingereza William Huggins alielekeza spektroskopu yake, chombo cha kuuchambua mwanga kwa rangi zake, kwenye nebula ya Jicho la Paka, iliyoko kundinyota la Tinini. Wakati huo wengi waliamini nebula zote ni nyota nyingi zilizo mbali zikaonekana kama wingu, na nyota zikipita kwenye spektroskopu zinatoa upinde wa rangi zote. Huggins akachungulia, upinde hamna, kuna mstari mmoja wa kijani unang'aa peke yake gizani, na mingine miwili hafifu pembeni. Hiyo maana yake ni gesi, na swali la miaka mingi likawa limejibiwa kwa usiku mmoja. Ila mstari wenyewe haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana maabara. Watu wakasema basi ni elementi mpya, wakaipa jina nebuliamu, na hawakuwa wajinga, maana heliamu nayo ilionekana kwanza kwenye mwanga wa Jua mwaka 1868 ndo ikaja kupatikana duniani 1895. Wakaisubiri nebuliamu. Haikuja. Mwaka 1927 Mmarekani Ira Bowen akaonyesha kwamba ni oksijeni ya kawaida tu iliyopoteza elektroni mbili.

Kwa nini basi oksijeni haifanyi hivyo maabara? Atomu ikiwa katika hali ile inaweza kukaa zaidi ya nusu dakika kabla haijatoa ule mwanga wa kijani, na kwenye hewa ya kawaida haiwezi kukaa nusu dakika bila kugongwa, inagongwa mabilioni ya mara kila sekunde, inapoteza nishati yake kabla haijapata nafasi ya kung'aa. Ndani ya nebula sentimita moja ya ujazo ina chembe elfu moja, labda elfu kumi, wakati hewa unayovuta ina zaidi ya bilioni bilioni kumi. Kule atomu iko peke yake, ina muda wa kutosha. Kwa hiyo ule ukijani aliouona Herschel ni rangi ya utupu, na mimi sijawahi kulizoea jambo hilo.

Sasa kwa kuwa kuvua na kuwasha ni mambo mawili, yanashindana. Gesi inakimbia, kiini kinapanda joto, na kiini kikichelewa gesi itakuwa imeshatawanyika taa ikiwaka hamna cha kuangaza. Nyota nyepesi kiini chake kinapanda joto polepole, kwa hiyo kwa miaka mingi tulikuwa tunawaambia wanafunzi kwamba Jua pengine ni jepesi mno, litavua lakini nebula yake haitaonekana. Mwaka 2018 zikatoka hesabu mpya zinazoonyesha kwamba viini hivi vinapata joto kama mara tatu haraka kuliko tulivyodhani, na kwamba nyota ya uzito wa Jua inaingia kwenye kundi la zile ambazo nebula yake inaonekana, kwa taabu lakini inaingia. Mimi nazikubali hesabu hizo, zinaeleza vizuri kwa nini tunaziona nebula ang'avu hata kwenye galaksi zilizojaa nyota nyepesi za zamani tu.

Sura yake itakuwaje? Usitegemee lazima ifanane na Helix. Nebula zenye duara safi ni chache, kama moja kwa tano, nyingine zina mbawa mbili kama kipepeo, nyingine zimejikunja ajabu, na maelezo yanayokubalika zaidi ni nyota mwenza anayezunguka karibu na kuikoroga gesi inapotoka. Julai 2022, kwenye picha za kwanza kabisa za darubini ya James Webb, mojawapo ilikuwa nebula ya Pete ya Kusini, katikati yake zikaonekana nyota mbili waziwazi, na iliyovua lile wingu ni ile dhaifu, iliyofunikwa na vumbi. Ile ang'avu ambayo mtu angeinyooshea kidole ni mwenza tu. Jua halina mwenza, kwa hiyo nategemea lake litakuwa karibu na duara, hafifu.

Na zile nyuzi nyuzi nyekundu ndani ya picha yako, zinazoelekea katikati kama kope, tuma mtu azikuze. Kila moja ina kichwa na mkia, ni vinundu vya gesi nzito vinavyoungua upande mmoja kwa mionzi ya kiini, mkia unaelekea nje. Ziko maelfu. Kichwa kimoja tu ni kipana kuliko mfumo wetu wa Jua.

Kinachoondoka na gesi nacho kina thamani. Mwaka 1952 Paul Merrill alikuta dalili za elementi ya tekinetiamu kwenye mwanga wa nyota jitu nyekundu. Tekinetiamu haina aina hata moja inayodumu, yenye maisha marefu kuliko zote inapungua nusu ndani ya miaka kama milioni 4, na nyota zile zina umri mkubwa kuliko huo kwa mbali sana. Maana yake haikuzaliwa nayo, inapikwa ndani sasa hivi na kupandishwa juu. Huo ndo ulikuwa ushahidi wa macho kwamba nyota zinatengeneza elementi. Kwa njia hiyohiyo kaboni inapanda kutoka chini, inaondoka na vumbi, inaingia kwenye mawingu ambayo baadaye yanazaa nyota nyingine na sayari. Sehemu kubwa ya kaboni iliyo mwilini mwako ilipita kwenye nyota za namna hii.

Swali lako la mwisho, kinachobaki. Kinabaki kibete cheupe, kiini cha kaboni na oksijeni chenye kama nusu ya uzito wa Jua kwenye ukubwa wa Dunia, kijiko kimoja cha chai cha kitu hicho ni tani na zaidi. Hakichomi chochote tena, kinachokizuia kisiporomoke ni elektroni zilizobanwa mpaka zikakataa kusogeleana zaidi. Kilicho karibu kuliko vyote kiko miakanuru 8.6, kinazunguka na Shira, ile nyota inayong'aa kuliko zote usiku, Alvan Graham Clark alikiona mwaka 1862 akijaribu lenzi mpya. Vibete hivi vinapoa tu, na mwaka 2019 vipimo vya chombo cha Gaia vilionyesha kwamba vikifika mahali fulani vinaanza kuganda kuwa fuwele kutokea katikati. Kupoa kabisa mpaka giza kunahitaji muda mrefu kuliko umri wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8, kwa hiyo kibete cheusi hakijawahi kuwepo hata kimoja.

Ukipata darubini hata ndogo usitafute Helix kwanza, ni kubwa na imetawanyika itakukatisha tamaa. Anza na nebula ya Pete, kwenye Kinubi, si mbali na nyota Vega, utaona kipete cha moshi kijivu, rangi za kwenye picha hutaziona maana jicho halikusanyi mwanga kama kamera, usishtuke. Halafu nenda Dajaja utafute NGC 6826. Ukiitazama moja kwa moja unaona nyota peke yake, ukihamisha jicho pembeni kidogo wingu linajitokeza kuizunguka, ukirudisha jicho linapotea, kwa sababu katikati ya jicho panazidiwa na mwanga wa nyota na pembeni ndo panapohisi vitu hafifu. Ile nyota ndo kiini, na wingu ndo lililokuwa mwili wake. Rudia mara kadhaa, usiwe na haraka, na macho yapate kama nusu saa gizani kwanza.